Hewa Chini ya Mashua, Hewa Juu ya Mashua

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Osiri)

 

Leo tunataka kuongea juu ya petroli. Kila mtu hapa huilipia, hata asiye na mashua. Mnajua desturi ya ziwa: samaki wakifika ufuoni, pesa ya petroli hutolewa kwanza, ndipo mwenye mashua na wavuvi wagawane kinachobaki. Petroli ikizidi, fungu la mvuvi linapungua, na mama anayenunua omena anaongezewa bei. Na ikiisha katikati ya ziwa wakati wa dhoruba, hapo si habari ya pesa tena, ni habari ya maisha.

Sisi wenyewe yalitupata. Siku moja mafuta yalituishia kabla ya kufika nyumbani, tukapiga kasia mpaka usiku. Tulimlaumu fundi wa injini. Tukamlaumu aliyetuuzia petroli. Baadaye tulipoivuta mashua nchi kavu na kuilaza ubavu, tukaona kumbe tumbo lake lote lina utando wa kijani, na mbao zimelowa kabisa. Injini haikuwa na kosa. Ilikuwa inaburuta mzigo ambao hatukuuona.

Ndipo vijana wetu wakatuuliza: "Kuna meli zinazotembea juu ya viputo vya hewa. Mbona na sisi tusiweke pampu?" Wengine walicheka, lakini swali hilo si la kuchekwa. Hebu tulitazame.

Viputo vinafanya nini?

Mashua ikienda, tumbia mkono wako majini. Unavutwa nyuma kwa nguvu. Sasa uinue juu hewani. Hausikii kitu kikubwa, si ndiyo? Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, tena yananata. Yanaishika ngozi ya mashua kutoka mbele hadi nyuma, na injini lazima iyashinde kila hatua.

Wazo la wataalamu ni hili: wakipuliza hewa chini ya meli, viputo vitatandika kama mkeka kati ya chuma na maji, na maji yatashika kidogo. Wazo si geni. Gustaf de Laval wa Sweden, yule yule wa mashine ya kutenganisha malai na maziwa, alikuwa analishughulikia tangu miaka ya 1880. Lakini lilichukua zaidi ya miaka 100 kufaa kwa kazi. Mwaka 2010 kampuni ya Mitsubishi ya Japani ilitengeneza meli ya mizigo iitwayo Yamatai, ambayo hupuliza hewa chini yake ikisafiri. Wajenzi walitoa taarifa kwamba inaokoa takriban asilimia 10 ya mafuta. Kwa meli inayochoma tani nyingi kwa siku, hiyo ni pesa kubwa.

Je, itatufaa sisi?

Tunasema wazi: hapana. Sababu ni tatu.

Kwanza, meli ile ni pana na chini ni bapa kama sakafu, kwa hiyo viputo vinakaa. Mashua zetu za mbao zina mkuku katikati na mbavu zinazopanda kila upande. Viputo vitakimbilia kando na kutoka juu mara moja.

Pili, pampu nayo inakula mafuta. Katika meli kubwa faida inazidi gharama hiyo. Kwetu pampu itakula kile ilichookoa, na zaidi.

Tatu, mashua yetu hujengwa na kurekebishwa na fundi wetu hapa ufuoni. Kutoboa tumbo lake ili kupitisha mipira ya hewa ni kukaribisha maji ndani.

Basi, tusimwage pesa za kikundi huko. Lakini somo tusilitupe. Wale wenye meli wamegundua kwamba adui ni ngozi inayoshikwa na maji. Adui huyo yuko hapa pia.

Mwingereza William Froude alithibitisha jambo hili zamani. Katika miaka ya 1870 alivuta mbao ndani ya birika refu la maji na kupima nguvu iliyotumika. Mbao iliyopakwa vanishi ilivutika kirahisi. Iliyopakwa mchanga ilihitaji karibu nguvu mara mbili. Mbao ni ile ile, ngozi tu ndiyo tofauti.

Tufanye nini?

1. Tuisugue mashua. Tuivute juu mara kwa mara na kuondoa utando kwa brashi ngumu. Uchafu na rangi ya zamani tuvikusanye, tusivirudishe majini.

2. Tuikaushe. Hewa iliyo juu ya mashua ni bure. Mbao iliyolowa ni mzigo unaobebwa kila safari. Lakini ikaukie kivulini. Ikiachwa kwenye jua kali kwa siku nyingi, mbao zitasinyaa na maungo yatafunguka.

3. Tuzibe na kulainisha. Pamba kwenye maungo, msasa, kisha rangi juu ya mbao kavu. Tusipake rangi yenye sumu ya kuua viumbe vya majini, wala oili chafu ya injini. Rangi za meli zenye sumu ya bati zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa ulioanza kazi mwaka 2008. Na sisi maji haya ndiyo tunayokunywa.

4. Tupunguze mzigo na mwendo. Maji yaliyovuja ndani yachotwe kabla ya kuondoka. Mashua ya mita 8 iliyobeba mzigo, ikipita kilomita 12 au 13 kwa saa, huanza kupanda wimbi lake yenyewe. Hapo petroli inaisha haraka na mwendo hauongezeki sana.

5. Tusitupe matanga. Mara nyingi usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana hugeuka. Wazee wetu walitoka na mmoja na kurudi na mwingine, bila kulipa senti.

Tujipime wenyewe

Msituamini kwa maneno tu. Siku ya maji matulivu, funga mashua kwa kamba ndefu nyuma ya nyingine, na katikati ya kamba tia ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia mbuta. Ivuteni polepole, mwendo wa mtu anayetembea, kila mtu akiwa amevaa jaketi la kuokoa maisha. Andikeni kilo ambazo mizani inaonyesha. Kisha isugueni, ikausheni, mrudie kwa mwendo ule ule na mzigo ule ule. Tofauti ya kilo ndiyo mzigo mliokuwa mkiuburuta na kuulipia.

Mashua moja ni nzito kwa watu wawili kuivuta juu. Kwa kikundi cha watu kumi na watano ni kazi ya asubuhi moja. Leo ya huyu, wiki ijayo ya yule. Hapo ndipo kikundi kinapokuwa na maana.

Maswali ya kujadili katika kikundi

– Mashua zetu zilivutwa juu mara ya mwisho lini?
– Nani atatunza daftari la petroli ya kila safari?
– Pesa itakayookolewa igawanywe vipi, na mvuvi asiye na mashua atapata fungu gani?