Pilipili Kavu, Jikoni na Mwilini

Muhogo wa kuchoma wa pwani hauliwi hivihivi: hupasuliwa, ukakamuliwa ndimu, ukanyunyiziwa chumvi na pilipili nyekundu ya unga. Unga huohuo huingia kwenye achari ya embe na mishikaki.

Ukali hutokana na kapsaisini, inayoyeyuka vizuri katika mafuta, si katika maji. Ndiyo maana aliyewashwa ulimi akigugumia maji hapati nafuu. Maziwa humfaa zaidi.

Mwaka 2021 Mmarekani David Julius alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba, kwani kwa kutumia kapsaisini aligundua kipokezi cha neva kinachohisi joto kali. Krimu ya kapsaisini hutuliza maumivu ya neva yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Ya duka la dawa, lakini, si ya kinuni!

Kukausha hupunguza vitamini C, ila karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, kwa sehemu hubaki. Mwenye kiungulia apunguze.

Msikilizaji, anika pilipili juu ya jamvi safi, si udongoni. Yenye ukungu itupe: huenda ina sumukuvu, nayo haimalizwi na moto wa jikoni.