TUTUNZE NGUO ZA WAZEE WETU



Leo hatusemi habari za mishahara. Twasema habari za sanduku lililo chini ya kitanda. Katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni mna leso ya harusi ya nyanya, blanketi la mzee, au mfarishi ulioshonwa kwa mkono. Wazee wengi hawakuacha hata picha. Nguo hiyo ndiyo kumbukumbu yao. Nayo mara nyingi haiharibiwi na uzee, bali na sisi wenyewe siku ya kuifua.

Adui wa kwanza ni maji. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Sisi wa reli twayajua: zamani za injini za mvuke, maji magumu yalifanya magamba kama jiwe ndani ya boila. Katika karai maji hayo hukataa povu. Sabuni hugeuka utando ukashika nyuzi, nguo ikawa ngumu na ya kijivu. Basi tukinge maji ya mvua za Novemba. Mvua ya kwanza ioshe vumbi la mabati, ndipo tuweke pipa.

Kabla ya kufua, tupime. Tukandamize kitambaa cheupe chenye maji juu ya kila rangi, mahali pa pembeni. Rangi ikishika kitambaa, nguo hiyo isitiwe majini. Ipanguswe vumbi tu. Nguo ya hariri, au inayokatika ikikunjwa, tuifanye vivyo hivyo.

Iliyo salama ifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini kidogo, iliyokwisha yeyushwa. Magadi, majivu na dawa ya kung'arisha visiiguse. Tuilaze juu ya shuka ndani ya beseni, tuikandamize kwa kiganja. Tusisugue, tusikamue. Tusuuze mpaka maji yatoke safi.

Mfarishi hunywa maji mengi. Ukiinuliwa kwa ncha mbili, uzito wake hukata mishono. Tuuinue kwa shuka iliyo chini yake, watu wawili, kama tubebavyo mgonjwa. Ukaushwe ukiwa umelazwa, kivulini. Jua la Kibwezi hula rangi.

Palipotoboka tuweke kitambaa safi cha pamba kwa nyuma, tushone kwa uzi mwembamba bila kuvuta. Nguo ikikauka kabisa, tuiviringishe, maana hukatika penye kunjo. Tuifunge kwa kitambaa cheupe, si kwa plastiki, maana plastiki hufungia unyevu na ukungu ukaingia.

Mwisho, ndugu wanaume, tusiseme hii ni kazi ya mama. Taruma la reli halibebwi na mtu mmoja, wala mfarishi uliolowa. Mvua zikija, tushike ncha ya pili.