Hesabu ya Nyumba Ianze na Mifuko, Si na Milioni

Msikilizaji, ukiuliza hapa Tunduma nyumba ya vyumba vitatu inagharimu kiasi gani, utajibiwa kwa milioni, na jibu halitachelewa. Maoni yangu ni kwamba jibu hilo, hata likitoka kwa fundi mwaminifu, halifai kuanzia ujenzi. Mara nyingi kinachotajwa ni bei ya boma: msingi, kuta, lenta, pengine na bati. Lipu, dari, milango, nyaya za umeme, mabomba, shimo la choo na kibali cha halmashauri havimo. Tena milioni hizo ni za kiwanja cha mtu mwingine. Ramani moja ukiijenga kwenye tambarare na kwenye mteremko, msingi wa mteremkoni utameza mawe na saruji ambavyo jirani hakuvinunua.

Makadirio yanayoaminika huanza na vipimo. Chukua jamvi la nyumba ya mita 10 kwa 10. Likiwa na unene wa sentimita 10, zege lake ni mita za ujazo 10. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, hapo unahitaji mifuko ya kilo 50 kati ya 60 na 65. Ukipunguza unene hadi sentimita saba na nusu, unaokoa mifuko kama 16, na sasa unaweza kubishana na fundi wako kwa hoja: je, sakafu itahimili? Mchanga nao unauzwa kwa tripu, ila tripu si kipimo. Pima sanduku la lori. Likiwa na urefu wa mita tatu, upana wa mita mbili na kina cha nusu mita, umebeba mita za ujazo tatu, dereva aseme atakavyo. Na tofali zetu za kuchoma hazilingani. Tanuru hili na lile hutoa ukubwa tofauti. Zipange chini, upande utakaoonekana ukutani ukitazama juu, zienee mita moja ya mraba, uache nafasi ya udongo au saruji ya kuungia, ndipo uzihesabu. Zile zilizopindapinda zitakula saruji zaidi, kwa hiyo tofali rahisi huenda isiwe rahisi ukutani.

Kuna watakaosema: bei zinapanda kila siku, makadirio ya nini? Ni kweli zinapanda. Mwishoni mwa mwaka 2020 saruji iliadimika na kupanda bei nchini hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaingilia kati. Lakini kilichopanda ni shilingi. Idadi ya mifuko ya jamvi lako haikubadilika. Mwenye orodha ya mifuko, nondo na mbao hupita dukani, anauliza bei ya leo na kuzidisha upya kwa nusu saa. Mwenye milioni kichwani hana cha kuzidisha.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wanaojenga kidogo kidogo: mkulima wa kahawa wa Mbozi anayepata fedha baada ya mavuno, au mfanyabiashara wa mpakani ambaye kipato chake hupanda na kushuka. Hawa husema hawawezi kukadiria fedha ambazo hawajazipata. Mimi naona wao ndio wanaohitaji orodha kuliko mtu yeyote, kwa sababu inawaambia wasimame wapi. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Fedha za msimu zikitosha msingi na nusu ya kuta tu, afadhali kumaliza msingi na jamvi, kisha kununua bati na kuyahifadhi, kuliko kupandisha kuta za tofali zilizojengewa udongo ziloweshwe miezi sita bila paa. Uamuzi huo haufanyiki bila kujua kila hatua inakula nini.

Wengine wataniambia mkadiriaji majenzi ni wa maghorofa. Kwa ghorofa usithubutu kumruka. Wapo waliosajiliwa na bodi yao kwa kazi hiyo. Kwa nyumba ya chini ya kawaida, ramani yenye vipimo na fundi mkuu anayejua kuandika vinaweza kutosha. Bila ramani hakuna makadirio, kuna kubahatisha, na anayebahatisha kwa fedha yako hapati hasara yeye.

Basi, msikilizaji, kabla hujalipia tripu ya kwanza ya mawe, mwambie fundi akuandikie vifaa vya kila hatua, kuanzia msingi hadi bawaba za mlango wa mwisho, pamoja na ujira wake. Akikataa, tafuta fundi mwingine.