Afya ndiyo, unyang'anyi hapana: juu ya katazo la sigara ya umeme barabarani

Maneno ya mwenzetu wa harakati mbele ya vijana wa kartieri

  Nawaona bamotari, nawaona wanafunzi, naona hata bamama wawili watatu wamesimama pale nyuma wanataka kusikia tunawaambia watoto wao nini. Bamama, sogeeni. Hii maneno ni yenu pia.

Nianze na kitu kimoja ili tusipotezeane wakati. Mimi sivuti. Sivuti sigara, sivuti shisha, sivuti ile sigara ya umeme munayoita pufu. Harakati yetu haijapokea hata franka moja ya wachuuzi wa tumbaku, na haitapokea. Kama kuna mutu amekuja akizani tutamwambia kwamba pufu ni kitu kizuri, huyo atarudi kwao mikono mitupu.

Kilichotuleta ni ile arete. Wengi muliisikia kwa megafoni, wachache waliiona imebandikwa kwa ukuta. Inasema ni marufuku kutumia sigara ya umeme mahali pa watu wote: barabarani, sokoni, kwa parking, kwa terasi. Atakayekamatwa atapelekwa kwa polisi na atalipa amandi. Basi. Amandi ya ngapi? Haikuandikwa. Inalipwa wapi? Haikuandikwa. Kukutwa nayo mufukoni ni kosa ao si kosa? Haikuandikwa. Na munajua vile inaendaga hapa kwetu: kitu chochote kisichoandikwa, yule anayekukamata ndiye anakiandika. Anakiandika saa mbili za usiku, wakati uko peke yako.

Niwaelezee ya mudogo wangu. Ana miaka 22, anasoma, na jioni anauza inite za simu ili apate ya kununua silabusi. Alikuwa anavuta sigara tangu zamani, mama analia naye kila siku. Akanunua pufu, akasema atajaribu kuacha sigara pole pole. Mimi sikumusifu, lakini sikumukataza. Ile jioni alikuwa anarudi nyumbani. Havuti kitu. Wakamusimamisha, wakamupekua.

"Petit, hii iko nini?"

"Ni pufu, chef, lakini sikuwa navuta."

"Utaelezea kule mbele."

Kule mbele ni kasho. Simu wakaikamata, hakuweza hata kutuita. Tulimupata kwa sababu mwenzake alimuona akipandishwa kwa motokari. Mama alifika saa nne za usiku, feza amefunga kwa ncha ya kikwembe. Ilikuwa minervale ya wa mwisho. Wakaomba dola 50. Mama akabembeleza kama mutu anayenunua nyanya, wakashuka mpaka 20. Akalipa. Akaomba kitansi, wakacheka. Simu ilirudi kesho yake, kiisha kulipa tena.

Na munajua kitu gani walimurudishia mudogo bila kuomba hata franka moja? Pufu yake. Wakamuwekea mukononi, wakamwambia aende.

Sasa niambieni. Ile usiku, afya ya nani ilichungwa?

Njo maana tunasema tunapinga hii arete. Hatuipingi juu tunapenda moshi. Tunaipinga kwa sababu vile ilivyoandikwa, haichungi afya ya mutu. Imefungua barière mpya kati ya kijana na nyumbani kwao.

Tuongee ukweli juu ya hiyo kitu yenyewe. Pufu nyingi zina nikotini, na nikotini inakamata mutu. Kijana ambaye ubongo wake ungali unakua, inamukamata haraka zaidi na inamuachia shida. Tusidanganyane na harufu ya maembe na ya bonbon. Lakini ni ukweli pia kwamba pufu haichomi tumbaku. Sigara ikichomwa inatoa lami na gazi nyingi zenye sumu, na ile ndiyo inaua. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kila mwaka kwa sababu ya tumbaku. Mutu muzima aliyeacha sigara kabisa akabaki na pufu anavuta sumu kidogo kuliko zamani. Kidogo si bule, tunakubali. Mutoto ambaye hajavuta kitu asiiguse hata kidogo.

Sasa angalieni barabara yetu. Sigara ya kawaida inauzwa moja moja, hata karibu na geti ya shule. Mutoto wa miaka 12 anatumwa kuinunua, anawashiwa na kiberiti cha muuzaji. Nchi yetu iliingia katika Mukataba wa kimataifa wa kupambana na tumbaku mwaka 2005. Kifungu cha 16 cha ule mukataba kinasema watoto wasiuziwe tumbaku, na kinataka nchi zijitahidi kukataza kuuza sigara moja moja. Kifungu cha 8 kinasema watu wachungwe na moshi kwa kazi, kwa magari ya abiria, ndani ya nyumba za watu wote, na mahali pengine pale inapofaa. Miaka yote hiyo hatujasikia megafoni ikipita kusema juu ya sigara moja moja. Leo inapita juu ya pufu. Juu ya nini? Muuzaji wa sigara yuko na meza tu, hana kitu cha kunyang'anywa. Kijana mwenye pufu yuko na simu nzuri.

Tuje kwa sheria. Kuna watakaotuambia: "Meya ana haki." Ni kweli, na hatutaficha. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji na komini inamupatia meya nguvu ya kuweka kanuni za polisi, lakini ndani ya mipaka. Watatuambia pia kwamba Katiba, kifungu cha 42, inalazimisha serikali kuchunga afya ya vijana. Ni kweli tena, na tunafurahi wakikikumbuka. Lakini Katiba haikuishia pale. Kifungu cha 17 kinasema hakuna mutu anayeweza kukamatwa ao kufungwa isipokuwa kwa nguvu ya sheria na kwa njia ambayo sheria imeonyesha. Kifungu cha 18 kinasema ukikamatwa waambiwe wewe sababu palepale, kwa luga unayoisikia. Una haki ya kuongea palepale na jamaa yako ao na avoka. Na hawawezi kukuweka zaidi ya saa 48 bila kukupeleka mbele ya mwenye haki ya kuhukumu. Mudogo wangu alinyimwa simu. Hapo tu walishavunja Katiba, hata kabla ya kuomba dola ya kwanza.

Na musizani ni sisi peke yetu tunafikiri hivi. Angalieni jirani. Kule Kenya, wizara ya afya ilikataza shisha mwezi wa Desemba 2017. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikubali katazo, lakini ikaambia wizara ipeleke ile kanuni bungeni ndani ya miezi tisa, ipate kuwa kanuni kamili. Haikupelekwa. Polisi wakaendelea kukamata watu. Januari 2024, mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikaachilia watu 48 waliokuwa wamekamatwa, kwa sababu lile katazo halikufuata njia ya sheria. Muamuzi hakusema shisha ni dawa. Alisema kama unataka kukamata watu, fuata njia kwanza. Na Uganda, bunge lao lilipitisha sheria ya tumbaku mwaka 2015, wakakataza sigara za umeme kabisa. Unaweza kuona ni kali mno. Lakini wabunge waliijadili, iko kwa kitabu, kila mutu anaweza kuisoma na kujua adabu ni gani. Sisi hapa tunasomewa na megafoni inayokatika katika.

Juzi mama mumoja aliniambia: "Mwanangu, achana na hii vita. Bora wawakamate wataacha." Mama, nakuheshimu, na woga wako nausikia, juu mama yangu ana woga huo huo. Lakini yeye sasa amelipa dola 20, na mutoto wake angali anavuta. Tena kiisha ile usiku alirudilia sigara ya kawaida, kwa sababu sigara hakuna anayemukamatia. Ile njo matunda ya arete nyumbani kwetu. Feza imeenda, moshi mubaya umerudi.

Kwa hiyo tunaomba nini? Vitu vitano, na vimeandikwa kwa karatasi.

Ya kwanza: hii arete isimamishwe mpaka itakapoandikwa upya, watu wa afya, wazazi na vijana wakiwa kwa meza.

Ya pili: katazo libaki pale panapoeleweka: ndani ya shule na kando yake, ndani ya hospitali, ndani ya bisi na teksi, ndani ya nyumba za kazi na za ibada. Hapo tutalitetea sisi wenyewe.

Ya tatu: vita ianze kwa muuzaji anayeuzia watoto, pufu ao sigara, bila ubaguzi.

Ya ine: kama kuna amandi, bei iandikwe wazi, ilipwe kwa njia ya feza ya serikali, na kitansi itoke. Kukamata simu ya mutu kwa ajili ya moshi, hapana.

Ya tano: wote waliolipa bila kitansi wasikilizwe, na wale waliokula hiyo feza waulizwe.

Sasa mambo ya kesho asubuhi. Ukisimamishwa, usikimbie, usitukane, usiguse mutu. Uliza kwa heshima: "Chef, kosa langu ni gani, na imeandikwa wapi?" Kumbuka jina lake kama limeandikwa kwa nguo, kumbuka saa na mahali. Omba kuita jamaa. Wakitaja amandi, omba karatasi kabla ya kutoa feza. Najua, wengine mutaniambia: "Kaka, ukiwa mule ndani, na mama analia inje, unalipa tu." Ndiyo. Sisi wenyewe tulilipa. Sitamucheka mutu aliyelipa. Ninachoomba ni usinyamaze kiisha kulipa. Njoo uelezee, tuandike. Tukiwa na mutu mumoja, watasema ni uongo. Tukiwa na makumi, kila mumoja na tarehe yake, itakuwa kazi yao kujibu.

Na tusivunje kitu. Hakuna kuchoma magurudumu, hakuna mawe. Ukirusha jiwe, kesho hawatajibu juu ya amandi, watajibu juu ya jiwe. Katiba imetupatia njia. Kifungu cha 27 kinasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia wakubwa petisyo, na wakubwa wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tutaipeleka wenyewe, kwa miguu, na tutaomba watugongee muhuri wa kupokea. Toka siku hiyo tunahesabu. Miezi mitatu ikiisha bila jibu, tutawaandikia kwamba tunatembea, vile kifungu cha 26 kinavyoomba, na tutatembea.

Kwa wale munaovuta: tunawapigania, lakini na nyinyi mutusaidie. Usivute karibu na mutoto. Usipulizie mama mwenye mimba kwa parking. Usimupe mwanafunzi aonje. Kila mara unafanya hivyo, unawapatia sababu wale walioandika hii arete. Na ukiweza kuacha, acha. Itatufurahisha zaidi kuliko kushinda.

Nimemaliza. Petisyo iko pale kwa meza ya mama wa mandazi, ametukopesha nafasi. Andika jina lako na avenue yako, kiisha saini. Usisainie mwenzako, kila mutu ajisainie. Peni iko moja tu, mupatane. Na wewe mama uliyesema tuachane na hii vita: soma kwanza ya pili na ya tatu, halafu uniambie kama hautasaini.