Kutoa Mimba na Hatari ya Kuzaa Njiti

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Tafiti zimeonyesha kuwa kusafisha kizazi kwa kukwangua mimba inapotoka au kutolewa, hasa zaidi ya mara moja, huongeza kidogo uwezekano wa kuzaa njiti baadaye, kwani mlango wa kizazi huweza kuumia. Mimba iliyotolewa kwa vidonge haijaonekana kuongeza hatari hiyo. Utoaji usio salama huleta maambukizi, na huweza kuua.

Katika maeneo ya Arua na Koboko nchini Uganda, malaria pia husababisha uzazi wa njiti. Mjamzito alale ndani ya chandarua, ameze Fansida, dawa ya kuzuia malaria anayopewa kliniki, na amweleze mkunga mapema ikiwa mimba iliyopita ilitoka au ilitolewa.