Joto tunayotupa

(Maneno tuliyosema mbele ya vijana, Goma)



Tukidai umeme barabarani, tunawaza balbu, televizyo na telefone. Lakini muangalie ndani ya nyumba: pesa mingi inaenda kwa makala. Maji ya kuoga, fufu, maharagi inayokaa kwa moto tangu asubuhi. Yote ile ni joto.

Sasa muangalie grupe ya jirani. Ukitia litre 3 za mazutu, karibu litre 1 tu ndiyo inakuwa umeme. Zingine zinatoka kwa radiateri na kwa bomba la moshi, zinapasha hewa ya bure. Grupe ndogo ya esanse inapoteza hata zaidi. Na pale pale mama anapuliza mbabula!

Kuna inchi zilikataa ile hasara. Japani, tangu 2009, wanauza mashine ya nyumbani inayokula gesi: inatoa umeme wa wati 700 hivi, na joto yake inapasha maji ya kuoga.

Tuagize zile? Hapana. Ni bei kali, na zinataka gesi inayofika mpaka nyumbani. Mimi nilisoma elektromekaniki, diplome inalala ndani ya kabati, lakini siwadanganye. Inaweza kuanzia pale grupe inazunguka saa mingi: maternite, hoteli, bulanjeri. Motere kubwa inapozwa na maji, na yale maji yanafika digrii 80 na zaidi. Yakipita ndani ya eshanjeri, joto inahamia kwa maji safi bila kuchanganyikana. Motere ibakie inje, juu moshi yake iko na gesi isiyo na harufu, inaua watu wakilala.

Na gesi tuko nayo. Metani ya Ziwa Kivu ni ya Congo na Rwanda. Kule ng'ambo, santrali ya KivuWatt inatoa megawati 26. Huku kwetu, 2022 serikali ilitia bloki 3 kwa mnada. Wakubwa wakikuja kutueleza, tusiulize megawati tu. Gesi ngapi itafika kwa jiko za watu? Joto ya santrali itakausha samaki, ao itatupwa? Makala mingi ya huu muji inatoka msitu ya Virunga, na wenye bunduki wanaikatia kodi njiani.

Wiki hii kila selile ipite kwa maternite na bulanjeri za kartie yake. Muandike: grupe ya kilowati ngapi, saa ngapi kwa siku, mifuko ngapi ya makala kwa mwezi. Jumamosi tutahesabu pamoja.