Muuguzi wa Zahanati na Chupa ya Mofini



Mgonjwa wa saratani anayetoka hapa Korogwe au Handeni hupelekwa hospitali ya Bombo, KCMC au Ocean Road. Wengi hufika huko ugonjwa umeshasambaa. Hupewa mionzi, huandikiwa dawa, hurudishwa nyumbani. Nauli imekwisha, shamba limelala, maumivu yapo palepale. Kuanzia siku hiyo daktari wake ni muuguzi wa zahanati, na huyo ndiye mipango yetu ya mafunzo humfikia mwisho.

Hata hivyo, Mei 2014 Baraza la Afya Duniani lilizitaka nchi ziingize tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mahututi, katika masomo ya watumishi wa afya wa ngazi zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanaoipata ni asilimia 14 tu ya wanaoihitaji.

Mifano ya tiba hiyo ipo karibu. Majirani zetu wa Hospitali Teule, Muheza, walianzisha hospisi enzi UKIMWI ukijaza wodi, wauguzi wakawafuata wagonjwa majumbani. Uganda walikwenda mbali zaidi. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia unga wa mofini, dawa kali ya maumivu, uliokorogwa kwa maji na kutiwa rangi, kijani kwa ile hafifu, ili asiyejua kusoma asikosee chupa. Madaktari hawakutosha. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoyapa mafunzo maana: kumfundisha mtu dawa asiyoruhusiwa kuigusa ni kumwongezea uchungu tu.

Wauguzi wetu wafundishwe nini? Kwanza waondolewe woga wa mofini. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, mgonjwa asisubiri mpaka alie. Na dawa ya kulainisha choo iende nayo tangu siku ya kwanza. Bibi wa Kizigua asiulizwe maumivu yake kwa tarakimu. Anyooshe vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni yale yasiyovumilika.

Gumu zaidi ni mazungumzo. Mtoto mkubwa humvuta muuguzi nyuma ya nyumba: “Nesi, mama asijue.” Mama naye, ndani, ameshajua zamani, na anataka kusema shamba atamwachia nani. Hapo hakuna jibu la kukariri. Muuguzi anahitaji kumwona mwenzake mzoefu akiketi mkekani, akimsikiliza mtoto huyo mpaka amalize, ndipo amgeukie mgonjwa mwenyewe.

Semina ya siku mbili yenye chai, posho na cheti haifundishi hayo (chai yenyewe siikatai). Wanafunzi wetu wa uuguzi na utabibu wapangiwe majuma ya kutembelea wagonjwa majumbani, wakiongozana na muuguzi mzoefu. Mtihani nao ufanyikie hukohuko, na wa kwanza kuulizwa kama mwanafunzi amefaulu awe yule aliyekesha na mgonjwa.